Sura ya Tano: Bando Likiisha, Simu Itajua Niko Wapi?

Swali hili hurudi kila watu wanapozungumzia ramani za kwenye simu. Analiuliza dereva wa bodaboda wa Bunda aliyekodiwa kumpeleka mgeni Nyamuswa. Analiuliza muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya kijijini Butiama, na mfanyabiashara wa dagaa anayetoka Musoma kufuata mzigo mwaloni. Wengi wameshajijibu wenyewe kwamba haiwezekani. Wanazima data ili kubana matumizi, ramani nayo wanaiacha, kisha safari nzima inakuwa ya kupiga simu: nikifika senta nishike kulia au kushoto?

Jibu ni kwamba itajua. Simu janja yenye GPS hutambua mahali ilipo bila bando, bila salio, na hata bila laini ndani yake. Kinachokwamisha ni kitu kingine. Kujua ulipo ni jambo moja, kuwa na ramani ya pale ulipo ni jambo la pili. La kwanza unalo tayari mfukoni, bure, tangu siku uliyonunua simu. La pili lilikuwa halipo kabisa kwa vijiji vingi vya Mara, na kupatikana kwake kumetokana na kazi ya watu walioona kwamba usalama wa mabinti wanaokimbia ukeketaji unalitegemea.

Setilaiti hazidai bando

GPS ni mfumo wa Marekani wa setilaiti unaoiwezesha simu kujua mahali ilipo duniani. Setilaiti ni chombo kilichorushwa kwa roketi na kuachwa kikiizunguka dunia. Hizi za GPS ziko juu yetu umbali wa kilomita 20,200 hivi, na kila moja hukamilisha mizunguko miwili kwa siku. Zikiwa 24 au zaidi, kila mahali duniani huonekana angalau nne kwa wakati wowote. Zinazofanya kazi sasa ni kama 30 au zaidi kidogo.

Kazi ya setilaiti ni kutangaza. Usiku na mchana hurusha mawimbi ya redio yanayosema mambo mawili: mimi niko hapa, na sasa ni saa fulani. Kazi ya simu ni kusikiliza. Simu haiitumii setilaiti chochote, wala setilaiti haijui kwamba wewe upo. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukutoza, na ndiyo maana watu wote wa Musoma wakiwasha GPS kwa pamoja hakuna atakayempunguzia mwenzake.

Mfumo huu ulijengwa kwa ajili ya jeshi. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga la Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Rais Ronald Reagan wa Marekani akatangaza kwamba GPS ikikamilika, raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuitumia bure. Ikakamilika mwaka 1995, lakini mawimbi ya raia yalipunguzwa usahihi makusudi, ukaweza kuonyeshwa mahali palipo mita 100 kutoka ulipo. Upungufu huo uliondolewa Mei 2000. Leo simu ya kawaida, ikiwa mahali peupe, hukosea kwa mita 5 hivi. Urusi, Umoja wa Ulaya na China nao wana mifumo yao, iitwayo GLONASS, Galileo na BeiDou, na simu nyingi za sasa husikiliza yote kwa pamoja.

Umbali unaopimwa kwa saa

Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaijua radi. Mwanga unapiga, unahesabu, ngurumo inafika. Kila sekunde tatu za kusubiri ni kama kilomita moja, kwa hiyo ukihesabu hadi tisa unajua imepiga kilomita tatu kutoka ulipo. Umepima umbali bila futi wala kamba, umetumia muda tu.

Simu inafanya hesabu hiyohiyo. Setilaiti imesema saa iliyotuma wimbi; simu inaangalia saa lilipofika; tofauti yake ni umbali. Wimbi la redio hukimbia kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kutoka setilaiti hadi Bunda linachukua sehemu 67 hivi za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Umbali kutoka setilaiti moja hautoshi kukuweka mahali. Ukiwa na umbali kutoka tatu, inabaki sehemu moja tu juu ya ardhi inayolingana na zote. Ya nne inahitajika kwa sababu saa ya simu ni ya bei nafuu na haiaminiki. Setilaiti ya nne huisahihisha.

Usahihi unaotakiwa hapa ni wa kutisha. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, unasogezwa mita 300, umbali wa kutosha kukutoa barabarani Makoko na kukuweka ziwani. Kwa hiyo setilaiti hubeba saa za atomiki, yaani saa zinazofuata mtetemo wa chembe ndogo sana za maada, usiobadilika. Hata hizo hurekebishwa, kwa sababu huko juu muda unakwenda haraka kidogo kuliko hapa chini, kama Einstein alivyokuwa ameeleza. Bila marekebisho hayo, makosa yangeongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku.

Kitone, duara na bati

Ukifungua ramani unaona kitone cha buluu. Wengi hukitazama kitone na kusahau duara hafifu linalokizunguka, na duara hilo ndilo la kusoma kwanza. Linasema: uko mahali fulani humu ndani. Likiwa dogo, uko salama. Likiwa limefunika nusu ya mji, simu haijazisikia setilaiti. Inakisia kwa kutumia mnara wa simu ulio karibu. Usianze safari kwa duara la namna hiyo.

Mawimbi yanayotoka umbali ule hufika yakiwa dhaifu mno. Paa la bati huyazuia. Ukuta wa zege huyazuia. Miamba mikubwa ya Musoma huyadundisha, na simu ikapata wimbi lililozunguka badala ya lililonyooka. Dawa ni rahisi: toka nje, simama peupe, simu iangalie juu, subiri.

Kusubiri huku ndiko kumewadanganya watu kwamba GPS haifanyi kazi bila bando. Simu inahitaji kujua kila setilaiti iko wapi. Ikiwa na intaneti, hupata taarifa hizo kwa sekunde chache kupitia mnara. Ikiwa haina, lazima izisikie kutoka kwa setilaiti zenyewe, na setilaiti husema polepole. Maelezo ya setilaiti moja kuhusu njia yake hurudiwa kila baada ya sekunde 30, na orodha nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Simu iliyokuwa imezimwa siku nyingi, au iliyosafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam ikiwa imezimwa, inaweza kukuweka dakika kadhaa. Mtu anasubiri dakika moja, anakata tamaa, anaiweka mfukoni.

Jambo la pili linalopoteza watu ni mwelekeo. GPS inajua mahali ulipo. Haijui unatazama wapi hadi uanze kutembea. Mshale unaouona ukiwa umesimama unatoka kwenye dira ndogo iliyomo ndani ya simu, nayo huvurugwa na chuma, sumaku ya kava la simu, au bodi ya gari. Kwenye njia panda, tembea hatua kama ishirini upande mmoja na uangalie kitone kinaelekea wapi. Hatua hizo zinaaminika kuliko mshale.

*Kwa ufupi:* GPS husikiliza tu, haihitaji bando wala mtandao. Inahitaji anga wazi na subira. Tazama ukubwa wa duara kabla ya kukiamini kitone, na tembea kidogo kabla ya kuuamini mshale.

Kabla ya kuondoka mjini

Bando linahitajika kwa ajili ya ramani: picha ya barabara, mito na majina inayochorwa chini ya kitone. Bila ramani, kitone kitaelea kwenye karatasi tupu. Lakini ramani inaweza kupakuliwa mara moja, ukiwa mahali penye mtandao mzuri, ikakaa kwenye simu kwa matumizi ya baadaye. Programu kama Google Maps, Maps.me na OsmAnd zote zina njia ya kufanya hivyo.

Ukiwa bado Musoma au Bunda mjini, fanya haya:

- Pakua ramani ya mkoa mzima, si ya mji tu. Safari huvuka mipaka ya wilaya bila kukuambia.
- Weka alama kwenye maeneo unayokwenda na unayoweza kukimbilia: zahanati, kituo cha polisi, nyumba ya mwenyeji.
- Zima data kwa makusudi, ukiwa bado mjini, uone kama ramani inafunguka.
- Punguza mwanga wa kioo na ubebe chanzo cha chaji. Kioo kinachowaka muda wote hula betri sana.

Kisha kuna mambo ambayo programu haitakuambia. Inachagua njia kwa kupima urefu na aina ya barabara, haijui mvua ya jana. Upande wa Bunda unaoshuka kuelekea Ghuba ya Speke una udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika hadi gurudumu likashindwa kuzunguka. Kwenye ramani, njia ya udongo huo na njia ya changarawe zinaweza kufanana kabisa. Ukiiomba njia ya Musoma hadi Arusha, inaweza kukupitisha katikati ya Hifadhi ya Serengeti na Ngorongoro. Ni njia halali na mabasi hupita, lakini kuna viingilio vya hifadhi na mageti yenye saa zake. Na kutoka Musoma mjini hadi Kinesi, wilayani Rorya, ni kuvuka ghuba kwa kivuko. Programu isiyokijua kivuko itakurudisha Makutano, ikuvushe Mto Mara kwenye daraja la Kirumi na kukuzungusha mwendo mrefu kufikia ng'ambo uliyokuwa unaiona kwa macho.

Kwa hiyo uliza watu. Naamini kabisa kwamba mwenye simu na mwenye kijiwe cha bodaboda wanahitajiana: mmoja anajua umbali na upande, mwingine anajua daraja gani limesombwa wiki iliyopita.

Ziwani, GPS hufanya kazi vizuri kuliko popote, kwa kuwa anga ni wazi pande zote. Mvuvi anaweza kuweka alama alipotega nyavu na alama ya mwalo wake kabla hajaingia gizani. Ila ramani nyingi za simu zimechorwa kwa ajili ya barabara. Ziwa ni rangi ya buluu tu, hazionyeshi miamba iliyojificha chini ya maji. Mstari ulionyooka wa kurudi nyumbani unaweza kupita juu yake.

Ramani iliyokuwa tupu

Sasa tufike kwenye kiini cha tatizo. Unaweza kuwa na setilaiti zote, duara dogo, betri iliyojaa na ramani iliyopakuliwa, kisha ukaandika jina la kijiji na programu ikajibu kwamba haikijui. Kwa sehemu kubwa ya vijiji vya Mara ndivyo ilivyokuwa miaka kumi na kitu iliyopita. Kampuni zinazotengeneza ramani huanza na miji, kwenye maduka na magari mengi. Kitongoji cha nyumba kumi na mbili nyuma ya kilima hakiwavutii.

Waliolipa gharama ya utupu huo wa ramani zaidi ya wengine ni mabinti wanaokimbia ukeketaji. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inafanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini katika baadhi ya jamii za Mara mila hiyo haijakoma, na msimu wake mkubwa huwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Binti, au mwalimu wake, au shangazi mwenye huruma, anapiga simu usiku. Anataja jina la kitongoji. Anayepokea anatakiwa kumfikisha polisi na gari pale kabla ya alfajiri, kwa njia ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Mkoa huu una majina mengi yanayoanza kwa sauti moja, Nyamuswa, Nyamimange, Nyankanga, Nyakatende, Nyegina, na kwenye simu inayokatikakatika ni rahisi kuelewa jina lingine, likawapeleka wilaya nyingine.

Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na amelisema hadharani, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women Tanzania, lenye nyumba salama Mugumu, wilayani Serengeti, na nyingine wilayani Butiama. Nyumba salama ni makazi ambamo binti anapokelewa, analindwa na kuendelea kusoma. Mwaka 2015 Mwingereza Janet Chapman alianzisha mradi wa Crowd2Map Tanzania ili kuziweka sehemu za vijijini kwenye ramani, na uokoaji wa mabinti wa Mara ukawa sababu yake kubwa.

Mradi huo ulitumia OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, kuisahihisha na kuitumia bila malipo. Kazi iligawanywa sehemu mbili. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake, walitazama picha zilizopigwa kutoka angani na kuchora kila paa, kila njia, kila kijito walichokiona. Lakini anayetazama picha akiwa London anaona paa tu. Hajui kama ni shule au ghala, hajui kijiji kinaitwaje, hajui njia ile ni ya gari au ya ng'ombe. Hapo ndipo wakazi wenyewe walipoingia. Wakiwa na simu za kawaida na GPS imewashwa, walitembea vijijini, wakasimama mbele ya zahanati, kanisa, kisima, duka, wakaandika majina. Programu ya Maps.me ilitumika kwa kuwa hufanya kazi bila bando na humruhusu mtumiaji kuongeza jina la mahali. Waliokwenda kumfuata binti baada ya hapo walikuwa na njia ya kuifuata kwenye simu.

Tafadhali liangalie hili kwa makini: hakuna setilaiti iliyoweza kufanya kazi ya yule aliyesimama mbele ya zahanati na kuandika jina lake. Ni kazi ya dakika chache, haihitaji shahada, na matokeo yake yanabaki kwa kila atakayepita baadaye. Ukitaka kuifanya kwa kijiji chako, andika jina kama wenyeji wanavyolitamka, waulize wazee kabla hujaandika, na anza na vitu vya uhai: maji, matibabu, shule, vivuko vya mito vinavyojaa masika.

Na si kila kitu kinapaswa kuandikwa. GPS yenyewe haimwambii mtu ulipo, lakini programu nyingi humo kwenye simu hutuma mahali ulipo pindi data inapowashwa, na picha huweza kubeba namba za mahali ilipopigwa. Nyumba ya mtu aliyejificha haiwekwi kwenye ramani ya wote. Anayemsaidia binti aliyetoroka azime kushiriki mahali kwenye simu yake na ya binti, kabla ya kuondoka. Namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.

Namba mbili za nyumba yako

Hata pasipokuwa na jina wala barabara, kila mahali duniani pana namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, inayoonyesha umbali wa kusini au kaskazini ya ikweta. Ya pili ni longitudo, inayoonyesha umbali wa mashariki au magharibi ya Greenwich, Uingereza. Hupimwa kwa nyuzi. Musoma mjini iko karibu na -1.50, 33.80. Bunda ni karibu na -2.05, 33.87. Butiama ni karibu na -1.77, 33.97. Huku kwetu uzi mmoja ni kama kilomita 111, kwa hiyo tarakimu nne baada ya nukta zinamfikisha mtu ndani ya mita 11 hivi, yaani uani kwako. Mstari ulionyooka kati ya namba za Butiama na za Musoma ni kama kilomita 35. Mwalimu Nyerere alipotoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, njia ya miguu ilikuwa ndefu zaidi ya hapo.

Alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza inamaanisha kusini ya ikweta, na si pambo. Ukiisahau, namba za Musoma zitampeleka mtu Uganda, maeneo ya Teso. Ukizigeuza, ya pili ikatangulia, atajikuta Afrika ya Kaskazini, kwenye mpaka wa Moroko na Algeria. Andika alama, andika nukta, fuata mpangilio.

Namba hizi zinapatikana kwa kugusa kitone au kubonyeza mahali kwenye ramani kwa sekunde kadhaa. Uzuri wake ni kwamba zinatumwa kwa meseji ya kawaida. Hazihitaji WhatsApp, hazihitaji bando. Mwenye kiswaswadu anaweza kuzipokea na kumsomea mwenye simu janja. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imewapa wengi jina la mtaa na namba ya nyumba, na zinasaidia sana mjini. Kwenye mji wa familia ulio peke yake katikati ya mashamba ya mihogo, namba mbili bado ndizo zinazomfikisha dereva mlangoni.

Zitafute leo mchana, ukiwa umesimama nje ya nyumba, duara likiwa dogo, kabla ya kuzihitaji. Kama nyumbani kuna mjamzito, ziandike nyuma ya kadi ya kliniki, karibu na namba 115 ya m-mama, mpango wa serikali wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Uchungu ukianza usiku na dereva akauliza anakuja wapi, anayepokea simu asome kadi, kisha atume namba hizohizo kwa meseji ili dereva asizisikie vibaya. Jirani wa karibu mwenye simu naye awe nazo, kwa kuwa siku hiyo simu ya nyumbani inaweza kuwa haina chaji.